Maili Kumi na Tano za Pili

Kijiwe cha Tairi Bovu, pale Daraja Mbili, kilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, mkabala na gereji ya Onsongo. Mwaka ule wa sabini na nne petroli iliadimika hadi wenye magari wakawa wanasalimiana kwa sauti ya chini kama wafiwa, na ubao ukajaa watu wasio na safari. Ijumaa hiyo, saa tisa alasiri, walikuwepo wale wale. Ahmednoor, mwuza kahawa ya tangawizi, na birika lake juu ya makaa. Obwocha, kondakta wa basi lililolala kwa kukosa mafuta, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona mahali pa kumzimia. Manasseh, shemasi wa Wasabato, jina la kijiweni Kanuni, aliyekunywa maji moto matupu kwa sababu kahawa kanisani kwao ni mwiko. Na Onsongo mwenyewe, fundi, Msabato pia, ambaye kikombe chake cha kahawa alikificha nyuma ya goti. Kanuni alishajizoesha kutolitazama goti hilo.

Katikati ya ubao ilisimama chupa ya soda. Ndani yake Onsongo alikuwa amechanganya petroli na chang'aa, pombe kali ya kienyeji iliyopikwa na mama Bitutu, akatikisa, akaiacha itulie. Jumapili alikuwa ampeleke bintiye Kemuma kuolewa Nyamira, kwa Peugeot aliyoinunua kuku wakitagia ndani. Kemuma, wakati huo darasa la tatu, ndiye aliyefagia mavi ya kuku akamwambia babake, "Tata, mimi nitaenda kuolewa na hii." Miaka kumi fundi alilijenga. Alikichonga kichwa cha injini, akafunga karbureta mbili, likawa gari linaloondoka kama limetukanwa. Sasa tankini mlikuwa na galoni moja, na Kisii nzima hapakuwa na tone la kuongezea; ndiyo maana ya ile chupa. Tena jua likizama leo Sabato inaingia, na spana huwekwa chini.

— Tazama, imetulia, — Redio akasema. — Imekubali ndoa.

— Haijakubali, — Onsongo akajibu. — Ona hapa chini. Iko mstari.

Kweli, petroli ilielea juu, na chini ya chupa kitu cheupe kilikuwa kimejitenga.

— Hiyo mstari ni nguvu, — Redio akasema. — Nguvu ni nzito, lazima ishuke. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Walisema hivyo juu ya petroli? — Kanuni akauliza.

— Walisema juu ya kila kitu iko chini.

— Ni maji, — Onsongo akasema kwa uchovu. — Chang'aa ya Bitutu iko na maji, na maji na petroli hawakai nyumba moja. Ingekuwa kavu, ingeingiana vizuri. Na hii injini yangu ingeipenda sana. Haiwezi kugonga, haiwezi kuchemka. Tu inataka kunywa zaidi, ndiyo nimetoboa hizi tundu zikawa kubwa.

Akafungua kiberiti, akawaonyesha vijipua viwili vya shaba vya kupitishia mafuta kwenye karbureta, vimelala mahali pa njiti.

— Mmesikia? — Kanuni akainua kidole. — Inataka kunywa zaidi. Ndivyo wote wanaanza. Fundi, hii gari ikionja, Jumatatu itafika mbele ya kwa Bitutu ipunguze mwendo yenyewe.

Wakacheka, hata Onsongo. Ahmednoor peke yake hakucheka, macho yake yalikuwa kwenye chupa.

— Hiyo kitu itoe karibu na makaa yangu, — akasema. — Tumepanga harusi. Matanga hatujapanga.

— Wewe nyamaza, — Redio akamgeukia. — Si ni ndugu zako wamefunga bomba la mafuta huko Uarabuni?

— Ndugu zangu wako Wajir, bwana. Wanafunga ngamia.

Onsongo akaisogeza chupa. Mlangoni pa gereji, kwa chaki, hesabu yake ya wiki nzima ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: KWENDA 15, KURUDI 15, JUMLA MAILI 30. GALONI MOJA, MAILI 20. Kila asubuhi aliifuta akaiandika upya, na kila asubuhi maili kumi zilipungua pale pale. Shemeji yake alishajitolea lori la majani chai, lenye dizeli yake. Onsongo alimwona Kemuma na gauni lake jeupe amekalia magunia, na moyo ukamwuma kweli kweli.

— Chemsha, — Redio akaamua. — Maji yatoke, pombe ibaki. Ahmednoor, leta birika.

— Birika hili baba yangu alikuja nalo kutoka Isiolo, — Ahmednoor akasema polepole. — Pombe haiingii humo hata kwa bunduki.

— Na ukichemsha, — Onsongo akaongeza, — pombe ndiyo inatoroka kwanza. Utabaki na maji.

— Sawa. Basi fanya kama Wazungu. Niliona katika gazeti. Kuna gari huko Ulaya iko na feni ndani ya injini, na hiyo feni inazungushwa na moshi ya gari yenyewe! Inasukuma hewa, gari inaruka. Funga feni, fundi. Mafuta kidogo, upepo mwingi.

Hapo kijiwe kililipuka. Kanuni alicheka hadi maji moto yakampalia. Ahmednoor alifuta machozi kwa kitambaa cha vikombe.

— Moshi imetoka, halafu inarudi kufanya kazi? — Kanuni akakohoa. — Nani aliona mgeni ameshaaga anarudi kuosha vyombo?

Kwa taarifa yako, hilo ndilo jambo pekee la kweli Redio alilosema mchana ule, na ndilo lililochekwa zaidi.

— Mimi shida yangu ni kanisa, — Kanuni akaendelea, sasa kwa sauti ya ushemasi. — Gari iko na pombe tumboni inaingiaje uwanja wa kanisa? Itabaki nje ya geti. Na moshi ikipita dirishani, kwaya yote imelewa kabla ya wimbo wa pili.

— Si kwaya tu, — Redio akadakia. — Hiyo barabara yote! Mbuzi wataanguka. Ng'ombe wa Nyamira wiki nzima watatoa maziwa ya kulevya, watoto wakinywa shuleni watapigana na mwalimu. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo methali inaingia wapi hapo? — Kanuni akauliza.

— Inaingia polepole.

Onsongo hakuwa akisikiliza tena. Aliinua chupa dhidi ya jua, akaitikisa, akaitazama. Mstari ukapotea, ukarudi.

Ndipo Bitutu akatokea, kanga kiunoni, amefuata debe lake lililoleta ile chang'aa.

— Habari za hapa, wazee.

— Nzuri, mama, — wakaitika, na Kanuni akajisogeza ukingoni asije akaonekana ameketi na biashara ile.

— Fundi, wanasema pombe yangu imekushinda.

— Iko na maji, mama.

— Ni ya watu kunywa. Ya kuua watu sipiki. — Akageuka, akasoma mlango wa gereji, midomo ikitaja tarakimu moja moja. — Hii kumi na tano ya kwanza ni ya nini?

— Kwenda Nyamira.

— Na hiyo galoni moja inafika?

— Inafika. Inabaki na kidogo.

— Na hii kumi na tano ya pili?

— Ya kurudi.

Bitutu akamtazama, si kwa ubaya.

— Harusi ni ya nani, fundi? Kwani Kemuma anarudi?

Redio alifungua mdomo kutafuta methali, akakuta ghala tupu. Ahmednoor alishughulika na makaa yasiyohitaji kushughulikiwa. Onsongo alitazama ile chaki, na hapo akaona alichokuwa akikipigia hesabu wiki nzima. Katika safari ile ya kurudi, kila alipoiwaza, Kemuma alikuwa amekaa kiti cha nyuma, dirisha wazi, akimwambia abadilishe gia.

Machozi yakamjia, naye hakujisumbua kuyaficha. Akaimwaga chupa mchangani, mbali na makaa. Kisha akachukua kitambaa, akafuta maili kumi na tano za pili.

— Gari nitaiacha huko mpaka mafuta ipatikane, — akasema. — Mimi nitarudi kwa miguu.

— Tutarudi wawili, — Kanuni akasema. — Mimi pia naenda hiyo harusi. Maili kumi na tano si kitu ukiwa na mtu wa kubishana naye.

— Watatu, — akasema Redio.

— Nyasae, Mungu wangu! — Kanuni akasema. — Basi hiyo imekuwa maili mia.

Bitutu akajitwika debe lake, akaondoka. Jua lilikuwa limekaribia migomba. Ahmednoor akainamisha birika, kikatoka kikombe kimoja cha kahawa, cha mwisho, kizito. Kanuni akakipokea kwa mikono miwili, shemasi mzima, akakiweka kiganjani mwa fundi mbele ya watu wote.

— Kunywa, Onsongo. Sabato bado haijaingia.