Chumba Kisichoshika

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, miguu inawaka moto, na alichotaka ni kusinzia tu mpaka kituo chake. Lakini mbele yake kwenye treni mzee mmoja alikuwa amepakata kisanduku kipya cha kuongeza nguvu ya waifai, anamhoji dada aliyevaa sare ya mafundi wa mtandao. Usingizi ukamruka.

"Binti yangu ndiye kanituma," mzee alisema. "Wajukuu wanataka mtandao chumbani kwao. Kule haushiki kabisa, unashika sebuleni tu."

"Basi kiweke koridoni, baba, katikati ya njia. Wengi hukosea, wanakichomeka kulekule kusikoshika. Sasa kitaongeza nini, na chenyewe hakipati kitu?"

"Kwa hiyo nikikichomeka chumbani kwao hakitafanya kazi?"

"Hata kidogo. Taa itawaka tu."

Mzee akakigeuza kisanduku taratibu. Muuguzi aliwajua wagonjwa wanaouliza hivyo: wanaotaka kuhakikisha ni kidonge kipi wasimeze.

"Kila jioni wanabanana kwenye kochi langu, wote watatu," mzee alisema. "Hawasemi kitu, macho kwenye simu. Lakini wapo."

Fundi akakitazama kile kisanduku. "Wana masomo, baba. Atakayefeli mtihani kwa kukosa pa kusomea utamwambia nini?"

Treni ikasimama, mzee akainuka na kisanduku chake kwapani.

"Koridoni, baba!" fundi akapaza sauti.

"Nimekusikia, mwanangu," mzee akasema akishuka. "Taa itawaka."