Sura ya Mama Kwenye Diski Mpya

Basi la kwenda Mabela lilipotoka kituo cha Ruwi, bibi aliyekaa mbele yangu alitoa diski mpya kwenye mkoba. Bwana mmoja pembeni yake akamwuliza ni senema gani.

"Ya zamani, mwanangu. Nnayo ya kanda, nnayo ya diski, na hii mpya picha yake safi zaidi."

"Si hadithi ile ile?" akasema bwana huyo, aliyejitambulisha kuwa ni Hatem. "Mimi zangu za zamani zanitosha."

"Ile ile. Lakini waliipiga Unguja, mtaani kwetu, na mama yangu anapita humo, nyuma ya watu wa harusi. Alifariki mimi mchanga, na picha yake hatuna. Kaka alinionesha anapopita, ila siku zote naona kivuli tu."

Nikaacha kujifanya nasoma simu.

"Na humu kama kivuli vilevile?" akauliza Hatem.

"Nitajua leo, inshallah."

Basi likasimama kituo cha Hail, bibi akashuka mbiombio. Hatem akamwita kutoka mlangoni: "Bibi, na sura yake utaijuaje?"

"Wote wasema nimefanana naye," akajibu, akicheka, na mlango ukafungwa.