Mzee Jefwa na Leso za Wake za Watu

Baada ya miaka ishirini na minane dobini, Mzee Jefwa Kalama anaagana na hospitali ya shamba letu la miwa tarehe 30 Juni 1956.

Aliletwa na dada yake kutoka Kinango, kijana asiyejibu salamu wala kumtazama mtu usoni. Kwanza alishukiwa kuwa punguani. Punde akashukiwa kuwa na jini, maana leso zote za wodi ya wanawake zilirudi kwa wenyewe bila kutiwa alama ya jina, hata zilizofanana rangi na maandishi.

Mimi karani wenu, niliyeolewa mwezi uliopita na bado ninanukia asumini, naliona hilo jambo tamu. Waume hawakuliona hivyo. Mwanamume anayeijua leso ya mke wa mtu, ameijulia wapi?

Boga wa Funzi ndiye aliyezidi. Mkewe, Mwanapili, alilala wodini usiku mmoja tu, na Jefwa akamrudishia leso yake bila kuuliza. Boga akaapa kumwacha mke na kumfukuzisha dobi. Bwana Sefu, msimamizi wetu, naye ana shaka zake, akakubali Jefwa ajaribiwe: rundo la leso, wenyewe wamekaa barazani. Ili amnase, Boga akachomeka moja aliyosema ni ya dada yake aliyeko Lunga Lunga.

Jefwa aligawa zote sawasawa. Alipoishika ile ya Boga, aliwapita wanawake wote, wawili wao wakiwa na leso kama ile ile, akaenda hadi langoni na kumwekea mapajani Chiku, mjane muuza vitumbua.

“Alhamdulillahi,” akasema Chiku, “nimeitafuta tangu Jumapili. Nani kaileta huku?”

Aliyedai talaka wiki ile alikuwa Mwanapili. Jefwa alirudi kwenye pasi yake.

Daktari, akihofia hila, alimpima macho akayakuta ya kawaida. Ila aligundua kwamba Jefwa hazijui nyuso: Bi Mishi, mkuu wa wauguzi, akibadili vazi humpita kama mgeni. Akatuambia tumezoea kudhani akili ni mtungi mmoja, umejaa au umepungua. Kumbe ni mitungi mingi, na wa Jefwa mmoja unafurika, wala yeye daktari hajui maji yanatoka wapi.

Hata Salimu wangu, nuru ya macho yangu, alishuku. Juzi alinisindikiza na leso yangu ya harusi. Jefwa aliipokea, akaikunja, asinitazame hata kidogo. Salimu alimkodolea macho kitambo, kisha akamwachia na kikoi chake.

Mzee Jefwa, ahsante kwa utumishi wako. Mungu akujaalie afya na raha huko Kinango. Sisi kuanzia Jumatatu, kila leso itakayopotea hapa itavunja nyumba ya mtu.