Orval Dunning, Dereva Aliyekubali Kuendeshwa

Ijumaa, tarehe 30 Mei, Orval Dunning anastaafu kutoka Idara ya Barabara ya Alder Fork baada ya miaka thelathini na miwili. Alianza kama kibarua wa kumwaga mchanga kwenye barafu, akawa dereva wa gari la kusukuma theluji, kisha msimamizi wa zamu ya asubuhi. Kona arobaini na moja za mlima Corwin anazijua kuliko anavyolijua jiko la nyumbani kwake, na mkewe Lenore ni shahidi.

Wengi wanakumbuka Jumamosi aliyofungua njia mbele ya gari la bibi harusi hadi mlangoni pa kanisa, akapewa keki dirishani na kuondoka bila kuzima injini.

Lakini Orval ametuonya: "Mkiandika habari za keki tu, sherehe ya kuniaga siji." Basi tunaandika na mengine.

Miaka saba iliyopita Orval alibadilika. Hakufiwa, hakupata ajali. Aliacha kula nasi wenzake wa kazini, akawa anajibu redio kwa neno moja, na mara nyingine alikaa ndani ya gari linalounguruma bila kwenda popote. Alitumia vidonge vya aina tatu kwa miaka miwili, visimsaidie. Kisha mwezi mmoja wa Aprili alimkabidhi Lenore ufunguo wa kabati la bunduki. "Ufiche," alimwambia. "Mimi usinionyeshe."

Lenore alizipeleka bunduki kwa kaka yake, kisha akaenda kwa Twila Beck, nesi wa zahanati yetu. Twila ndiye aliyetaja ketamini, dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, ambayo kwa kipimo kidogo hutolewa kwa dripu kwa wagonjwa wa sonona, huzuni nzito isiyoisha, ambao dawa nyingine hazikuwasaidia.

Orval amekua akifuga farasi. "Twila, si ndiyo ile daktari wa mifugo alimlaza nayo farasi wangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ila yule farasi alikuwa msikivu kuliko wewe."

Hospitali iliyoitoa ilikuwa mjini, mwendo wa saa tatu ng'ambo ya mlima. Alitakiwa kwenda mara sita katika wiki tatu, na siku ya dripu mgonjwa haruhusiwi kushika usukani. Lenore haoni vizuri, haendeshi. Kwa hiyo Orval alisimama chumba cha chai akasema, "Nina sonona. Natafuta dereva, kuanzia Jumanne."

Buck Tolliver, dereva mwenzake, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kukubaliana naye hata juu ya chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, akauliza, "Jumanne saa ngapi?"

Tukapanga zamu ubaoni. Safari tatu za kwanza Orval aliangalia nje tu. Ya nne, wakirudi, Buck alipunguza mwendo konani, na sauti ikatoka kiti cha abiria: "Buck, hiyo breki unaikanyaga kama unaua nyoka!"

Buck akaniita redioni. "Ofisi, mzee ameanza kunitukana." Nilifuta macho kwanza, ndipo nikamjibu.

Hakupona moja kwa moja. Hurudia dripu kila baada ya miezi kadhaa, na ziko wiki ngumu. Jirani mmoja aliyejaribu baada yake hakupata nafuu, akahamishiwa tiba nyingine. Lakini Twila aliisumbua bodi ya zahanati kwa miaka miwili iilete tiba hiyo hapa, Orval akienda kila kikao kueleza yaliyompata kwa jina lake mwenyewe. Sasa kila Alhamisi daktari huvuka mlima kuja kwetu, na watu kumi na mmoja wa bonde hili wanatibiwa hapa hapa. Asiye na wa kumrudisha nyumbani hurudishwa na Orval.

Orval, asante kwa barabara zilizo wazi, na kwa kutuambia ulipokuwa unaumwa. Tunakutakia wewe na Lenore afya, na asubuhi nyingi ambazo theluji itaanguka, nawe utavuta blanketi na kuendelea kulala.