Mzee Athuman na Fisi wa Sikio Moja

Mzee Athuman Uwesu anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Amekagua mabehewa hapa Dodoma miaka thelathini na moja. Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu sisi wapakuaji ndio tumekaa naye sana. Sina maneno mengi.

Wengi mnamjua kwa fisi. Behewa la kokoto lina milango chini. Ukiifungua, kokoto zinamwagika relini. Mlango mbovu unagoma, ukiupiga nyundo unafyatuka. Ndivyo mwenzetu Sila alivyobaki na vidole viwili mkono wa kulia. Kesho yake Mzee Athuman akachukua kopo la rangi nyeupe, akachora fisi ubavuni mwa lile behewa. Kuchora hajui. Sikio la pili lilimshinda, akaliacha. Tulimwambia huyo ni mbuzi. Lakini tulimwelewa: hapa usiguse.

Ikawa sheria yetu. Behewa lenye fisi halifunguliwi. Na fisi hafutwi mpaka mlango utengenezwe, Mzee aujaribu kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka juzi vijana wa mtaani waliingia yadi na rangi za kupuliza. Waliwapenda fisi wa Mzee, wakachora wa kwao. Asubuhi tukakuta kila behewa lina fisi, wengine wamevaa miwani. Hakuna aliyegusa mlango. Treni nzima ya kokoto imekaa, bosi yuko kwenye simu. Mzee akapita mdogomdogo, anatazama masikio tu.

"Hawa wana mawili. Si wangu. Fungueni."

La kwanza alifungua yeye.

Ni mtu wa utani, ila si kwenye kofia ngumu. Ukimpa shikamoo kichwa wazi, haitikii. Mke wangu alipofariki, alikuja kwangu Nkuhungu na gunia la mahindi, akakaa na mimi mpaka wageni wakaisha. Sijasahau.

Mwezi huu alibakiwa na fisi mmoja. Behewa ni lile lile la Sila. Limetengenezwa, linarudi kugoma, linatengenezwa tena. Bosi akamwambia aende tu nyumbani kwao Kondoa, anayekuja atamalizia. Mzee akakataa.

"Siwezi kwenda Kondoa nikamwacha fisi na watu wangu."

Akawaganda mafundi mpaka wakabadilisha bawaba zote. Jumanne akaingia chini, akafungua mwenyewe. Mlango ukaitika taratibu, kokoto zikashuka vizuri. Akafunga, akafungua tena. Tukangoja amfute fisi wake. Kitambaa cha mafuta ya taa akampa Sila.

Sila alianzia kwenye sikio. Hakuna aliyemsaidia.

Asante, Mzee wetu. Nenda Kondoa salama, ule uji wako wa ulezi, ulale mpaka jua litoke. Mungu akupe afya na wajukuu wasumbufu. Siku ya kuondoka tutakuwa wote stesheni. Mikono ya kukupungia tunayo, maana uliitunza wewe.