Imepokelewa, Wala Haikufika

Zamani, nikiwa na meno yangu yote, nilihudumu kwenye harusi moja Mapinga. Shughuli ilikuwa na wasimamizi wawili wasiosemezana, jiko likiwa chini ya mmoja tu. Yule mwingine akanipa sinia lililofunikwa kawa, niwapelekee wazee wa bwana harusi. Nikalitua kwa adabu zote. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akafunua kawa: tupu! Hata punje ya wali hamna. Ndevu zile, wallahi... basi, tuziache.

Ndugu zangu wenye sukari, mliniuliza masika yale nilifikwa na nini.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukiagiza insulini kwenye mtandao alioujenga binti yangu. Aliujenga kwa viunzi vya Java, lugha ya kompyuta, kazi za bure ambazo watu wa mbali wameziandika wakaziacha wazi, atakaye atumie. Kimoja, Struts, hukaa mlangoni kupokea ombi lako. Cha pili, Spring, ndicho msimamizi: humkabidhi kila mtumishi, yaani kila kipande cha programu, vifaa vyake. Cha tatu, Hibernate, hulihifadhi ombi ghalani. Msinicheke, mie niliishia darasa la tatu. Haya nimeelezwa nikiwa kitandani.

Niliagiza. Simu ikajibu: Imepokelewa. Kwenda kuchukua, naambiwa na mtunza dawa wa zahanati, "Babu, ombi lako halipo, na dawa zimeletwa za walioagiza tu." Nikaagiza tena. Imepokelewa. Chupa ikaisha. Kinywa kikakauka, nikanywa maji kama ng'ombe, kisha matapishi. Nilianguka mlangoni kwangu, mkanibeba nyie.

Nilipozinduka, binti yuko kando ya kitanda cha hospitali na kompyuta magotini, analia.

"Baba, nani mwingine ameagiza na anangoja? Maombi hayakuandikwa popote! Sina hata wa kumpigia."

Bwana mmoja msomi alimshauri, "Fumua vyote, uanze upya."

"Nikianza upya leo, wa kesho watajidunga nini? Wajidunge ushauri wako?"

Akaomba msaada kwenye baraza la mtandaoni la watumiaji wa viunzi hivyo. Aliyejibu, kumbe yuko hapa jirani, Msata! Akaja wodini kwa basi, chai hakuigusa, akainamia kompyuta ya binti.

"Dada, mtumishi wa mlangoni ameundwa na nani?"

"Spring."

"Sivyo. Ulipoingiza toleo jipya la Struts, uliacha nje kiunganishi chake na Spring. Sasa Struts inajiundia mtumishi wake, Spring haimjui, haikumkabidhi kitu. Anafika kwa Hibernate mikono mitupu. Na kosa likitokea, humu umeliamuru linyamaze."

Binti akashika kichwa. "Nililizima lisiwatishe wazee!"

"Umewatisha vizuri sana," nikasema na dripu yangu.

Binti akarudisha kiunganishi. Nikaagiza. Imepokelewa. Tukakodolea macho simu ya binti. Kimya. Kimya, jamani! Ikalia: mtunza dawa. "Ombi la babu limeingia. Na la bibi mmoja aliyeagiza upya. Na hili hapa lingine..."

Nawashukuru wauguzi, binti yangu, nanyi mlionibeba. Nawaambia: kazi ya wengi huvunjika kwenye maungio, kagueni hapo. Na kosa likipiga kelele, msilizibe mdomo.

Yule wa Msata nilimshika mkono. "Mwanangu, jina lako nani, nikuombee dua?"

"Waombee walioviandika viunzi, babu. Hata mimi siwajui."

Akatupia mkoba begani, akatoka wodini. Tukadhani amekwenda kuswali, tukamwekea chakula. Hakurudi.