Riwaya ya Kumpa Nasha

Katika basi la Mang'ola, Ritha alikuwa na riwaya mbili mpya za kisayansi mapajani. Moja ilikuwa ya kumpa rafiki yake Nasha, ambaye ng'ombe wake wote waliisha kwa ukame.

"Mpe hii ya safari ya Mirihi," alishauri mzee Kornelio, mchuuzi wa vitunguu aliyeketi kando yake, baada ya Ritha kumsimulia habari za vitabu na za Nasha. "Hiyo ya dunia isiyo na mvua itamtonesha kidonda."

"Hapana, mzee wangu. Kila anayemwona Nasha anabadilisha mazungumzo. Amechoka kubembelezwa. Humu kitabuni watu wanapambana na ukame."

"Na wanashinda?"

"Sijafika mwisho."

Basi likasimama. Nasha alikuwa kituoni, akipunga mkono. Mzee akiwa bado anabisha, Ritha aliitia ya Mirihi mkobani, akashuka na ile ya ukame mkononi.